Mtoto Aliyemuogesha Baba

Wachekeshaji wetu wa siku hizi hawapandi jukwaani bila maiti. Zamani kidogo walitania polisi na walimu. Sasa kila mmoja ana baba aliyekufa na mama anayesahau. Anaanza na habari za kijijini, anaiga sauti ya mzee, watu wanacheka. Kisha anashusha sauti na kusema, "Lakini kusema kweli, jamani," na ukumbi mzima unanyamaza. Hapo ndipo makofi yanapomiminika. Nimeyaona haya mara nyingi kuliko nilivyotaka, kwa sababu mmoja wao ni ndugu yangu, kitinda mimba wa mama yetu.

Sina ugomvi na utani. Sisi Wagusii tunao wetu, na mipaka yake inajulikana. Mjukuu na nyanya yake hutaniana wapendavyo. Kuna kijana wa Nyakoe anayewavunja watu mbavu kwa habari za meno ya bandia ya nyanya yake, na nyanya mwenyewe huketi mbele akimjibu. Mzazi na mtoto ni habari nyingine. Kati yao kuna chinsoni, ile heshima iliyochanganyika na aibu, na mwili wa mzazi hautazamwi na mtoto wala hautajwi. Binti hata kwenye kitanda cha baba yake haketi.

Ndiyo maana niliyoyafanya katika mwaka wa mwisho wa baba yangu hayakupasa kusemwa popote.

Mzee alianza kwa kupotea ndani ya shamba lake mwenyewe la majani chai, huko Gesima. Baadaye akawa hawezi kuinuka peke yake. Mgongo wa mama ulikuwa umekwisha kwa kubeba vikapu vya chai miaka yote ile, hakuweza kumwinua. Jirani mmoja mwanamume alikuja kusaidia kumuogesha, akalambwa kofi, hakurudi. Ndugu yangu alikuwa mjini akijijengea jina. Basi nikawa nikitoka kazini Kisii napitia kwangu Kiogoro kubadilisha nguo, kisha napanda Gesima.

Mimi nimepewa jina la mama yake baba, aliyefariki kabla sijazaliwa. Kwa desturi yetu baba aliniita mama tangu nikiwa mtoto, akinitania kwamba nimemnyima uji. Akili ilipomtoka, utani huo ukawa kweli. Jioni moja niliingia chumbani na uji, akanitazama, akanyoosha mikono yote miwili juu, anavyofanya mtoto anayengoja kuvuliwa shati. Mama yangu alikuwa amesimama mlangoni. Alitoka na kuufunga mlango nyuma yake. Nikamuogesha, na nikaendelea kumuogesha hadi alipokufa, kwa maji ya vuguvugu katika beseni la bluu. Mama haoni aibu kumuogesha mwanawe, na mzee hakuona aibu kuogeshwa na mama yake. Mimi na mama yangu hatukulizungumza jambo hilo hata kidogo.

Ndugu yangu alikuwa akipiga simu kuuliza hali. Nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka humwambia ndugu yake kila kitu, kwa hiyo nikamsimulia mikono, beseni, yote. Siku ya mazishi alifika na miwani myeusi, akashika kipaza sauti, akawashukuru waombolezaji kwa maneno matamu. Nilimwona akiangalia ni wapi watu wanacheka.

Miezi michache baadaye, Jumapili mchana, mwalimu mwenzangu alinivuta hadi ukumbi wa hoteli moja Kisii mjini nikamtazame ndugu yangu maarufu. Alipofika kwa marehemu alisema, "Mimi ndiye nilimuogesha baba yangu." Akanyoosha mikono juu. Akataja beseni la bluu. Akaanza kusugua hewa kwa nguvu kama mtu anayeosha gari, na nikajua kwamba tangu azaliwe hajawahi kumuogesha mgonjwa. Watu walicheka mpaka wakashika meza. Kisha akashusha sauti, na mama mmoja kando yangu akafuta machozi kwa kitambaa akisema huyo ndiye mtoto aliyelelewa. Nilitamani kumnyang'anya kile kitambaa.

Nilimfuata nyuma ya ukumbi nikamwambia aitoe sehemu ile.

"Sista, hiyo ndiyo inawamaliza," alisema. "Na mimi pia inaniponya."

Inamponya! Sijui mtu anaponywa nini kama hakuuguza wala hakuugua. Nilimwambia kwamba nitapanda Gesima na kusema mbele ya watu ni nani aliyemuogesha yule mzee. Alitabasamu, akageuka kupiga picha na mashabiki wake.

Video yake ilinitangulia. Nilimkuta mama kwenye kituo cha kuuzia majani chai, ameketi juu ya gunia akingoja mizani, na jirani amemshikia simu mbele ya uso. Wanawake wa kanisa walikuwa wakimpa pongezi kwa kuzaa mwana wa namna hiyo. Mmoja alinigeukia akasema ningejifunza kwa mdogo wangu. Nilifungua kinywa. Mama aliinuka upesi, akaniambia nimbebee kikapu, twende.

Tulipofika katikati ya chai yetu alisimama.

"Ulitaka kusema," alisema.

Nilimjibu kwamba ndiyo, nilitaka kusema ukweli, kwa sababu ni wangu.

"Kijana akimuogesha baba yake, watu wanasahau. Wakijua ni wewe, kila wakikuona watamwona baba yako uchi." Alichuma jani moja lililokomaa, akalitupa. "Mwache amuogeshe. Alipokuwa hai hakumuogesha."

Nililia, na ilikuwa hasira, mtu asidhani ni kitu kingine. Lakini nilimtii. Ndiyo maana hapa sijataja jina la mtu yeyote, hata hilo nililorithi.

Ndugu yangu anaendelea kuoga makofi. Katika masimulizi ya sasa anambeba baba mikononi mpaka nje kwenye jua, eti mzee anamshukuru kwa jina lake. Baba hakumkumbuka kwa jina mwaka ule wote. Kanisani wanamtaja katika maombi, na mimi naitikia amina pamoja na wengine nikiwa nimekaza meno.

Juzi alinipigia simu. Hakuuliza hali ya mama. Alisema kipande kile kimeanza kuchosha watu, kinahitaji jambo moja jipya kabla hajashusha sauti. Mzee alikuwa akisema nini wakati wa kuogeshwa?

Kulikuwa na neno moja. Alilisema kila nilipommwagia maji kichwani, akiwa amefumba macho. Nilimsikia ndugu yangu akipumua, akingoja.

"Hakuwa akisema kitu," nilimwambia, nikakata simu.

Nanyi mnaosoma siwaambii.