Herufi Moja ya Mirongo

Usiku huo Ng'washi hakulala. Alikaa kwenye kigoda nyuma ya mlango wa nyumba yake, mtaani Pasiansi, utambi wa chemli ameupunguza, akisikiliza mbwa wa jirani. Siku ya tisa ilikuwa inakwisha bila neno kutoka India, ambako binti yake Rebeka, wa miaka kumi na sita, alipelekwa kupasuliwa moyo. Dorcas, mdogo wake Ng'washi, ndiye aliyemsindikiza. Daktari wa huko alisema hatashika kisu mpaka mama mzazi aandike kwamba amekubali. Swali lingekuja kwa barua pepe, na Ng'washi angejibu siku hiyo hiyo. Ndivyo walivyoagana.

Hakuwa mwanamke wa kuacha mambo yajiendee. Alisoma mpaka darasa la nne, akaolewa, akafiwa na mume, na tangu viwanda vya samaki vifunguliwe alikuwa akinunua mapanki ya sangara, vichwa na mifupa inayobaki minofu ikishatolewa, akiyakaanga na kuyauza barabarani. Kila chake alikifunga: hati ya kiwanja ndani ya nailoni, nailoni ndani ya kopo, kopo chini ya kitanda. Majirani walisema hata kuku wake walitaga kwa ruhusa.

Mwanzoni barua za Dorcas zilifikia katika ofisi ya mradi mmoja wa uvuvi, karibu na kwake. Karani wa pale, Yeremia, Mkerewe wa Nansio, alizichapisha na kumletea. Ni Yeremia huyo aliyeleta matokeo ya Rebeka ya darasa la saba, akipaza sauti tangu barabarani kwamba mtoto amefaulu, bila kungoja hata kukaribishwa.

Kisha mradi ukafungwa. Wazungu wakaondoka, na Yeremia akapata kazi kwao Nansio, ng'ambo ya ziwa.

"Usiwe na wasiwasi, mama," alimwambia. "Kompyuta naiacha inawaka mpaka mwisho wa mwezi. Inapiga simu yenyewe asubuhi na jioni kuchukua barua. Nitaiagiza kwamba barua yoyote yenye jina lako ikiingia, isilale humu, ipelekwe mbele. Niletee tu anwani ya mtu mwenye imeili huko mjini."

Ng'washi akaenda kwa Bushra, mwenye duka la kupiga chapa na fotokopi huko Mirongo. Anwani ya Bushra ilikuwa jina lake na la mtaa wake, yameunganishwa bila nafasi.

"Ni Mirongo, mama, siyo Milongo," Bushra alisema huku akiiandika kwenye kikaratasi. "Nyie Wasukuma nawajua. Mwaka wa uchaguzi mlikwenda kupiga kula."

"Tulikula, tukashiba," Ng'washi akajibu, na wote wawili wakacheka.

Kikaratasi kile hakumpa Yeremia. Kingepotea. Alikitia koponi, na kabla ya hapo akakinakili kwenye ukurasa wa daftari, herufi baada ya herufi, akitamka kwa sauti kama walivyofundishwa shuleni. Nakala hiyo ndiyo aliyompa. Yeremia naye akaandika alichokiona, akafunga ofisi, akapanda meli.

Tangu siku hiyo Ng'washi alikwenda Mirongo kila mchana, na kila mchana Bushra alitikisa kichwa.

"Mwandikie wewe basi," Bushra alimwambia siku ya tano.

"Anwani ya huko imo ndani ya mashine ya Yeremia."

Kulipokucha baada ya usiku ule wa kigodani, alibeba kopo lake lote akaenda nalo dukani. Bushra alimtazama, akamsogezea penseli.

"Hebu niandikie vile ulivyomwandikia Yeremia."

Ng'washi akaandika, midomo ikicheza. Bushra akakitoa kikaratasi chake koponi, akakiweka kando ya maandishi yale. Safari hii hakucheka.

"Mama, hii umeweka L."

"Si ndiyo hiyo hiyo?"

"Mdomoni mwenu ndiyo. Kwenye kompyuta huyu ni mtu mwingine, na hayupo."

"Sasa barua zimekwenda wapi?"

"Zikikosa mwenyewe, hurudi zilikotoka. Zitakuwa ofisini kwa Yeremia."

Bushra alipiga simu Nansio, akaahidiwa kwamba Yeremia atavuka kesho yake. Ng'washi hakuweza kungoja nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye ile ofisi. Mlango ulikuwa na kufuli la shaba, na mlinzi, Ngosha, amekaa kwenye tofali akichonga mpini wa jembe.

"Mashine inaunguruma humo, nasikia," Ngosha alisema. "Na simu. Juzi ililia mchana kutwa."

"Hukuipokea?"

"Funguo anazo Yeremia. Mimi nimeajiriwa getini, mama, siyo kwenye simu."

Ng'washi akaweka sikio mlangoni. Kweli, iliunguruma, kama paka aliyeshiba.

Yeremia alifika kesho yake, Ijumaa, alasiri, shati bado lina maji ya ziwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Fungua."

Kufuli lilimsumbua kidogo, kisha mlango ukafunguka. Yeremia akaingia, akakaa mbele ya kioo cha kompyuta. Ng'washi alibaki kizingitini.

"Zimerudi zote," Yeremia alisema. "Zipo nne." Akasoma ya kwanza. "Dada, daktari yuko tayari Jumanne. Anataka neno lako." Akasoma ya pili. "Dada, mbona kimya? Mtoto anazidiwa, nami naogopa kuweka sahihi peke yangu." Ya tatu ilikuwa fupi. "Nimepiga simu ya ofisi tangu asubuhi, haipokelewi."

Ya nne hakuisoma kwa sauti.

Akainuka. Akakiburuta kiti chake mpaka karibu na mlango, akapangusa vumbi kwa kiganja.

"Ingia ukae kwanza, mama."

"Nisomee hapa hapa niliposimama."

"Ingia, mama."

Alisema kwa sauti ya chini mno, yeye ambaye habari njema aliitangaza tangu barabarani. Ng'washi akatazama kile kiti. Nje, Ngosha alikuwa ameacha kuchonga.

Akaingia. Yeremia akaufunga mlango nyuma yake.