Bi Somoe na Damu ya Upande wa Pili

Jina lake kamili ni Somoe binti Bwanali Issa. Hilo ni la kitambulisho cha taifa, na mwenyewe hulitaja haraka haraka kama mtu anayetoa nauli. Jina analolikalia kitako ni la kwa mama. Yeye ni Somoe wa mama yake Mwanaidi, yule aliyevuka Ruvuma wakati wa vita akiwa na mimba kubwa tumboni na jogoo kwapani, wala jogoo hakuthubutu kuwika. Mwanaidi wa Esha, aliyemtoa kiboko kwenye shamba la mpunga kwa kumpigia sufuria na kumtukana. Esha wa Nambuta, aliyemrudisha bwana harusi kwao kwa sababu aliingia ukweni bila salamu. Na Somoe mwenyewe ni nyakanga, amewafunda wasichana wengi unyagoni, na ujanani alifanya kazi kituo cha kilimo cha Naliendele, ya kubebesha miche ya mikorosho: unachukua kikonyo cha mti mzuri, unakiunga juu ya mche ulioota kwa mbegu, unafunga, unasubiri kishike.

Kwa Bi Somoe, mtu kwao ni kwa mama yake. Baba ni mgeni wa heshima, achinjiwe kuku, atandikiwe mkeka, lakini kwenye damu hahusiki. Mjukuu akiwa na meno yaliyopangika, hayo ni ya Mwanaidi. Akiimba vizuri, sauti ni ya Esha. Akiwa na masikio kama ungo, hapo ndipo baba yake anapokumbukwa.

Sasa, mjukuu wake Amiri tangu mchanga alikuwa akivimba vidole, macho yanakuwa manjano, mifupa inamuuma mpaka hataki hata kuguswa na shuka. Hospitalini wakasema ni selimundu: chembe nyekundu za damu yake zinajikunja kama mundu na kukwama mishipani. Bi Somoe alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mkwe wake Mohamedi, baba wa mtoto.

"Umeona ulichotuletea?"

Mohamedi ni mtu mpole. Aliinama akaomba radhi, na toka siku hiyo hakunyanyua shingo vizuri ukweni.

Mambo yakakaa hivyo, mpaka Zainabu, dada yake Amiri, alipochumbiwa na Dercio, kijana wa Kilambo ambaye wazee wake walitoka ng'ambo ya Ruvuma, na msikitini wanamwita Idrisi. Zainabu akasema haolewi mpaka wapime wote wawili. Kliniki walikuwa wamemweleza: mtoto haugui selimundu mpaka apate kinasaba chake kwa baba na kwa mama pia, na mtu anaweza kukibeba maisha yake yote asiumwe hata ukucha. Amiri anaumwa, kwa hiyo mama yao, Sharifa, binti wa Bi Somoe, naye anacho. Na Sharifa kakitoa wapi?

Hilo swali hakuna aliyelimaliza mbele ya Bi Somoe.

"Katika ukoo huu hapimwi mtu," alisema. "Damu ya Mwanaidi ichunguzwe kama maziwa yaliyotiwa maji?"

"Basi, bibi, na harusi haipo," Zainabu akamjibu, na kiburi kile kilikuwa cha Esha mtupu.

Kwa mambo ya namna hii watu wa huko wana njia yao. Neno ambalo mtoto hawezi kulisema, wala mkwe, analisema mtani wa ukoo, tena kwa kelele, na anayesemwa haruhusiwi kununa. Sharifa akaenda Chikongola kumfuata mzee Kasiani, fundi baiskeli, mtani wao wa tangu na tangu.

Kasiani hakupiga hodi. Alimkuta Bi Somoe barazani na sahani ya ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini, akaichukua sahani, akakaa nayo.

"Mwizi wee, umefuata nini?"

"Nimekuja kukupima urefu. Nataka nichonge jeneza lako mapema."

"Utatangulia wewe, nikuzike na njaa yako."

"Sawa. Ila nasikia ukoo wenu una damu ya dhahabu, haitazamwi na mtu. Hebu niambie, meno ya Amiri ni ya nani?"

"Ya mama yangu."

"Pua?"

"Ya mama yangu."

"Na mguu wa kupiga mpira?"

"Bibi yangu Esha alikuwa na mbio."

"Ugonjwa?"

"Mohamedi."

"Maskini Mohamedi! Kulala kote huko ukweni, kachangia ugonjwa tu!"

Nyuma ya mlango Zainabu alibana kicheko kikamtoka puani. Bi Somoe naye midomo ilimcheza, akaizuia.

"Nijibu moja niondoke na ming'oko yako," Kasiani akaendelea. "Ule mkorosho wako wa uani unaozaa sana. Nikipanda mbegu yake nitapata mti kama ule?"

"Hupati, fundi wa pancha wewe! Nyuki anatoka kwa mti wa jirani na vumbi la ua, korosho inachukua ya huku na inachukua ya kule. Unaweza kupata mti wa maana, unaweza kupata kuni. Ndiyo maana tunabebesha, maana kikonyo hakina..."

Kasiani akatafuna taratibu.

"Malizia, nyakanga. Mkorosho una baba na mama, isipokuwa kwa Mwanaidi?"

Kandambili ilipita karibu na sikio lake. Aliondoka anacheka, na sahani akaondoka nayo.

Bi Somoe alibaki pale, mikono mapajani. Kasiani hakumuuma sana. Mtani ni mtani. Kilichomuuma ni shingo ya Mohamedi. Tena akamfikiria mtoto ambaye Zainabu hajamzaa bado, akamwona anavimba vidole kama Amiri, na yeye nyakanga mzima amekaa mlangoni kuwazuia watu wasijue.

Asubuhi alivaa khanga mpya, akatangaza kwamba wanakwenda kupima na wa kwanza ni yeye. Ukoo wake hautaingiliwa kwa mlango wa nyuma.

Kliniki, Sista Sabina aliwatoboa vidole mmoja mmoja, wakangoja. Majibu yakaja: Bi Somoe anacho. Zainabu anacho. Dercio hana.

"Nimekitoa wapi?" Bi Somoe aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kwa mama au kwa baba, bibi. Kipimo hiki hakisemi."

"Ni baba, Bwanali," akasema upesi.

Sista akacheka. "Lakini siyo laana, bibi. Mwenye kimoja tu, utotoni malaria kali haimwezi sana. Ndiyo maana kimedumu kwenye nchi za mbu kama huku kwetu."

Bi Somoe akanyoosha mgongo. "Enhee. Basi huenda ni cha mama."

"Chandarua lakini unalala nacho."

"Na watoto wetu, Sista?" Dercio akauliza.

"Hataugua selimundu hata mmoja, kwa sababu wewe huna. Wengine wanaweza kukibeba tu kama mama yao."

Bi Somoe akamtazama Dercio juu mpaka chini. "Kumbe unaingia kwetu mikono mitupu!" Zainabu akamwangukia bibi yake begani, anacheka na kulia pamoja.

Nyumbani, kabla hajavua khanga, Bi Somoe alimwita Mohamedi akamketisha kwenye kiti chake mwenyewe. "Baba," akamwambia, "ule mzigo tuliubeba nusu kwa nusu. Nyanyua shingo, ule chakula."

Kisha akamgeukia Zainabu.

"Kesho nenda Kilambo, kwa mdogo wangu Hassani. Anataka kuwaozesha wajukuu zake wao kwa wao. Wapime kwanza, wote."

"Akinifukuza, bibi?"

"Atakufukuza, kwani si wa Mwanaidi yule? Wewe anza kwa kumwambia kwamba mimi ninacho. Atacheka sana. Muache acheke mpaka achoke. Akishachoka, mshike mkono, mwondoke naye."