Miti ya Ingobyi

Sina ugomvi na serikali. Nasema hivi mapema kwa sababu kila nikianza kuizungumzia zahanati yetu mbele za watu, mume wangu hunikanyaga mguu. Lakini hasira ninayo, na leo hayupo karibu wa kunikanyaga.

Kijiji chetu kiko Bisibo, wilaya ya Biharamulo, ndani kabisa, mbali na barabara ya lami. Wazazi wetu wengi walivuka mpaka kutoka Burundi na Rwanda, wakafyeka mapori, wakalima, wakazikwa hapa hapa. Walikuja na majembe, masufuria na desturi ya ingobyi. Hicho ni kitanda cha kubebea mgonjwa: kikapu kirefu cha kusukwa, kimefungwa katikati ya miti miwili, wanaume wanakiweka mabegani na wenzao wanafuata nyuma ili wapokezane. Kila kaya ilitoa mwanaume. Ukikosa kubeba bila sababu unatozwa pombe ya ndizi, na siku ukiugua wewe, watu wanakuja kwa kujikokota ili nawe uonje. Mume wangu alikuwa mkuu wa ingobyi. Hakuwa na cheo kingine duniani, na hicho alitembea nacho kifua mbele.

Kisha ikaja habari ya zahanati. Mkutanoni tulielezwa kwamba sera ndiyo hiyo: wananchi wanainua boma, yaani kuta tupu, mpaka lenta, halafu serikali inaleta bati, milango, dawa na mganga. Tuliipenda sera hiyo. Tulifyatua tofali, tukazichoma, tukazibeba. Mimi na mkamwana wangu, aliyekuwa ameolewa na mwanangu msimu ule ule, tulipandisha maji kutoka bondeni mpaka shingo zikagoma kugeuka. Msichana yule alikuwa mcheshi. Fundi alipotuonyesha chumba cha kujifungulia, kikiwa bado kuta za kufika kiunoni, aliingia, akakaa chini, akasema, "Mama, hapa ndipo nitakapokuzalia mjukuu. Sogea, unanizibia mwanga." Tulicheka mpaka fundi akatufukuza.

Kuta zilipopanda, mafundi walikosa mirunda, ile miti ya jukwaa la kusimamia. Wakati huo huo ofisa mmoja kutoka wilayani alikuja akatutangazia kwamba fungu la zahanati yetu limo kwenye bajeti na limeshapitishwa. Jumapili ile, baada ya ibada, wanaume wa ingobyi walikaa wakanywa, wakaivunja. Mmoja alisema kubebana mabegani ni mambo ya ukimbizini, sisi sasa tuna zahanati. Kikapu akapewa jirani, akakifanya cha kutagia kuku. Miti, ambayo babake mume wangu aliikata kwa mkono wake, ikaenda kwenye jukwaa la mafundi. Nilipiga vigelegele. Kijiji kizima tulipiga, kwa sababu tuliamini kwamba kitu kilichopitishwa kimepita.

Boma likafika lenta. Bati halikuja. Mtendaji wa kijiji alituambia vipaumbele vimebadilika, fungu limeelekezwa kwingine, tusubiri mwaka wa fedha ujao. Mwaka wa fedha ulikuja, ukaenda. Nyasi zikaota ndani ya chumba cha kujifungulia. Mafundi waliondoka, jukwaa wakaliacha limejengewa ukutani, wakisema watarudi siku ya kupaua. Mtendaji hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akipita njia ya nyuma ili asikutane na sisi, na hilo linaonyesha kwamba ana aibu.

Tulikuwa bado na gari la wagonjwa, lililotoka kituo cha afya kilichoko barabarani, kwa mradi wa wafadhili. Hilo nalo likakatika. Tulisikia kwamba nchi moja ya mbali, tajiri, imepanga bajeti yake upya na imepunguza fedha za kupeleka nje. Mradi ukafungwa, gari likaegeshwa uani halina mafuta, na yule dada aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba kuwapima wajawazito akarudisha begi lake. Watu wa nchi ile hawajui kama Bisibo ipo. Sisemi wanatuchukia. Afadhali wangetuchukia, maana anayekuchukia anajua unapoishi.

Sasa niieleze siku yenyewe. Ilikuwa masika. Mkamwana alishikwa na uchungu asubuhi, tukiwa tunakunywa uji. Mwanangu alikuwa machimboni, kwenye dhahabu, pamoja na vijana karibu wote wa kijiji, kwa sababu maharage yalikuwa yameoza shambani kwa mvua. Bibi mmoja jirani, anayejua kuzalisha, alimpapasa tumbo. Akanitoa nje akaniambia mtoto amelala vibaya, huyu hazai hapa, mpelekeni.

Nilipiga simu kituoni. Muuguzi aliyepokea alisema, "Shikamoo mama. Gari lipo, mafuta hakuna. Fanyeni mumlete." Bodaboda alikuja mpaka bondeni, akaona mto umefunika kivuko, akageuza. Hata angefika, yule mtoto wa watu asingeweza kukaa juu ya pikipiki.

Mume wangu alichukua panga akakimbilia bomani, nami nikamfuata. Nilimkuta anaipigapiga miti ya baba yake, iliyoshindiliwa misumari na kupitishwa kwenye matundu ya ukuta, anaivuta, haitoki, na analia kwa sauti. Tumeishi naye miaka mingi. Sijawahi kumwona akilia, hata siku tulipomzika mama yake. Mti mmoja ulitoka mzima. Wa pili ulikuwa umeloweshwa na mvua za misimu yote ile, na kichwa chake kilikuwa kimeoza. Tukauchukua hivyo hivyo. Kikapu hakikufaa tena, kuku walikuwa wamekitoboa, basi tulifunga blanketi na kitenge changu kwa kamba za katani.

Mabega yakawa hayatoshi. Walikuja wazee, wanakohoa, na jirani yule wa kuku. Nikaingia chini ya mti. Jirani akashtuka.

"Mama, mwanamke habebi ingobyi. Tangu lini?"

"Tangu leo," nikamjibu, "na wewe nyamaza ubebe."

Njia ya kwenda barabarani inapita mbele ya boma. Mvua ilikuwa inanyesha ndani ya vyumba vyote. Mkamwana alikuwa kimya tangu tutoke nyumbani, nikidhani amezimia, lakini tulipofika pale aligeuza kichwa. "Mama," akasema, "chumba changu kile." Nilitazama miguu ya aliyenitangulia.

Kwenye mteremko wa mto mti uliooza ulikatika. Aliteleza kwenye blanketi, akaangukia tope kwa ubavu, akapiga kelele ambayo hata sasa nikiwa napepeta mchele huwa naisikia. Tulikaa pale tukiunga mti kwa fimbo na kamba, bibi mzalishaji amemkinga kwa mwili wake asinyeshewe. Tulisubiri maji yapungue kivukoni. Hakuna kitu kigumu kama kusubiri maji huku mtu wako anakutazama usoni. Niliomba. Kisha nikaacha kuomba, nikawa natukana, sijui hata nilikuwa namtukana nani.

Tulifika kituoni jioni, bado kuna mwanga. Walimhangaikia sana, sina lawama. Yeye aliokoka. Mtoto alikuwa wa kiume, mzuri, ana nywele nyingi, na alishakufa njiani. Muuguzi akatoka akaniuliza, "Mama, mbona mmechelewa hivi?" Nilikuwa na majibu ya kujaza nyumba, kuanzia bati mpaka ile nchi ya mbali. Nikasema, "Samahani, mwanangu."

Mwanangu alirudi kutoka machimboni akakuta kaburi dogo kando ya migomba. Alikaa kando yake siku nzima na hakuna aliyemsogelea.

Baada ya masika wakaja wageni wa wilayani, wakatuagiza tulifyeke boma kwa sababu kuna mkubwa atapita kulikagua. Tukalifyeka. Mkubwa hakupita. Fundi mmoja akaulizia jukwaa, na mume wangu, mtu asiyepandisha sauti mkutanoni, akasimama akasema ile miti hairudi ukutani mpaka bati lilale juu ya lenta na yeye amelala chini yake. Mti uliobaki mzima akautafutia mwenzake msituni. Ingobyi ikaundwa upya. Sasa na wanawake tuko kwenye zamu, na jirani wa kuku ndiye aliyesuka kikapu.

Mwaka huu mkamwana ni mjamzito tena. Juni, ilipokuwa inasomwa bajeti, tulikusanyika dukani kwenye redio, majembe begani. Afya ilisemwa vizuri. Fedha zilikuwa nyingi, za nchi nzima, na yule msomaji alipigiwa makofi huko aliko. Sisi tulisimama mpaka muziki ukaanza.

Nilimkuta mkamwana nyumbani anapika. Hakwenda dukani, alisema tumbo linamvuta.

"Mama, wametutaja?"

"Bado."

Akaipua sufuria. Akamwomba baba mkwe wake aishushe ingobyi iliyotundikwa ukutani kwetu. Kwetu mkamwana hata kula mbele ya baba mkwe huona haya, sembuse kulala. Yeye alivua kandambili, akapanda, akajinyoosha humo ndani, mikono juu ya tumbo, macho yakiwa darini.

"Baba," akasema, "kaza hapa miguuni. Siku ile niliteleza."

Mume wangu akapiga magoti, akaanza kukaza.