Jiwe la Fundi Mwishehe

Pale Kerege, kando ya barabara ya Bagamoyo, kuna kibao cha rangi nyekundu: BREKI KWA MWISHEHE, WENGINE WANAJARIBU. Fundi Mwishehe alikiandika mwenyewe, na kwa miaka ishirini na minane amekiamini kuliko wateja wake wanavyokiamini. Hajapata kusema "sijui" mbele ya gari. Gari likimshinda, kosa ni la dereva. Dereva akikosa kosa, basi ni la Wajapani.

Ndiyo maana Mwalimu Noel alipomwendea na kusema, "Fundi, nina breki zinanisumbua, ila si za gari," Mwishehe hakungoja kusikia ni za nini.

"Breki ni breki, Mwalimu."

Zilikuwa za ndege. Mwalimu Noel, aliyefundisha fizikia hadi kustaafu, alikuwa na mwaka wa sita akiunda kindege cha watu wawili uani kwake Zinga, injini yake mgongoni kama mtoto aliyebebwa. Majirani walishamaliza vicheko vya kila aina, wakabaki kuanika nguo kwenye mabawa. Jumamosi ile angekitembeza chini tu, bila kuruka, juu ya tuta refu la shamba la chumvi. Tuta lile linaishia kwenye bwawa. Asiye na breki hana pengine pa kwenda ila majini, na Mwalimu hajui kuogelea.

Ijumaa baada ya sala Mwishehe alifika na spana yake, akalala chini ya gurudumu. Mwalimu akakaa ndani, miguu kwenye pedeli, na ule wimbo wa gereji wa kutoa upepo kwenye breki ukaanza.

"Kanyaga! Kanyaga! Shika hapo!" Nati inalegezwa, mafuta yanatoka na mapovu, nati inakazwa. "Achia! Tena!"

Waliimba hadi alasiri, na pedeli ikabaki laini kama andazi. Kwenye gari, mguu mmoja husukuma mafuta mengi, na povu hushuka mpaka nje. Vipampu vya kindege kile vilisukuma mafuta ya kijiko cha chai tu. Povu lilishuka shubiri moja, mguu ukiachia likapanda kurudi kwake. Na Mwalimu, aliyewaambia watoto wa watu miaka thelathini kwamba hewa hupanda juu, hakulikumbuka hilo hata kidogo mbele ya spana ya mtu mwingine.

Aliyelikumbuka ni mkewe, Blandina, nesi mstaafu, alipowaletea chai.

"Shemeji, huo upepo si unapanda? Sisi sindano tunaielekeza juu, ndipo tunausukuma utoke. Kwa nini msiingize mafuta kwa chini, kule gurudumuni, yaupandishe?"

Mwishehe alimtazama kwa huruma. "Shemeji, hiyo ni sindano. Hii ni breki."

"Haya. Kunyweni chai."

Jua lilipoanza kulala, Mwishehe akafanya jambo ambalo mafundi wote wanalijua na hakuna anayelitaja. Alipanda mwenyewe, akakanyaga haraka haraka mara saba. Pedeli yenye upepo ukiikanyaga hivyo hukaza kwa muda, kisha inalegea. Kabla haijalegea, akamwita Mwalimu aiguse.

"Imeshika!" Mwalimu akamkumbatia.

Usiku, nyumbani kwake, Mwishehe aliuacha wali wa nazi sahanini.

Jumamosi nusu ya Zinga ilikuwa kwenye tuta, wengine na viti vyao, maana kumwona mwalimu mstaafu akizama si jambo la kutazama umesimama. Sufiani wa bodaboda alikuwa juu ya pikipiki yake.

"Mwalimu, simu umemwachia nani? Usije ukailowesha!"

Mwalimu akafunga mkanda. "Fundi, mimi nakuamini wewe," akasema, akawasha injini.

Kazi ya Mwishehe ilikuwa moja: kuondoa mawe mawili yaliyozuia magurudumu. Aliondoa la kwanza. Akalishika la pili, akatazama bwawa, akamtazama Mwalimu aliyekuwa anatabasamu kama bwana harusi. Neno la kusema lilikuwa moja, na miaka ishirini na minane ilikuwa imeukalia ulimi wake.

Akakaa juu ya jiwe.

"Zima! Zima injini!"

"Kuna nini?" Mwalimu akazima.

"Spana yangu. Nimeisahau ndani ya ndege."

"Fundi," Sufiani akaita, "hiyo inayochungulia mfukoni nyuma ni kijiko?"

Tuta zima likacheka. Blandina peke yake hakucheka. Alikuja akasimama mbele yake.

"Shemeji, zimeshika au hazijashika?"

Mwishehe aliinamisha kichwa. "Hazijashika."

"Nilikuwa nangoja useme mwenyewe. Ungeliondoa hilo jiwe, ningekaa mimi mbele ya gurudumu." Akafungua pochi, akatoa bomba kubwa la sindano na mpira mwembamba. "Nenda juu, kwenye kikopo cha mafuta. Usikanyage, usiguse kitu. Tazama tu."

Mtu aliyewaamrisha madereva wa malori akapanda kama alivyoambiwa. Chini, nesi alijaza bomba mafuta ya breki, akachomeka mpira kwenye nati iliyolegezwa, akasukuma polepole. Juu, ndani ya kikopo, povu la kwanza likachomoza, likapasuka. Likaja la pili. Kisha yakaja mengi, madogo, na Mwishehe akayatazama yote bila kupepesa, mpaka yakakoma. Gurudumu la pili likafanywa vivyo hivyo. Mwalimu akakanyaga mara moja tu: pedeli ngumu kama sakafu.

Mwishehe akashuka, akaliondoa jiwe lake. Kindege kilinguruma hadi mwisho wa tuta, kikasimama hatua kumi na mbili kabla ya maji. Waliokuja na viti wakarudi navyo wamenuna.

Kibao cha Kerege bado kipo, herufi zile zile. Chini yake, kwenye msumari, linaning'inia bomba la sindano. Mteja akiuliza kazi yake, Fundi Mwishehe hujibu bila aibu kwamba hiyo ni teknolojia ya ndege, na kwamba wengine bado wanajaribu.