Vyeo Alivyovishona Habbo

Kaka yangu Habbo alishika sindano zaidi kuliko bunduki. Hapa kwetu Frisia Mashariki, ambako mashamba yako chini kuliko bahari, watu humwita askari wa vita viwili, naye hajawahi kuwakatalia. Mimi Foelke, mdogo wake, nasema alikuwa mtumishi wa mtu mmoja kwa miaka thelathini na minane, na vita vyote viwili vilimkuta kazini.

Alichukuliwa jeshini mwaka 1914, mkulima wa miaka ishirini ambaye hakuwa amepanda treni hata mara moja. Akapewa luteni wa kumhudumia. Luteni mwenyewe alikuwa kijana wa kibwanyenye kutoka Silesia, Lüder von Aswege, mwembamba, mwenye sauti ya kuamrisha hata anapoomba chumvi. Habbo akamfulia, akamng'arishia buti, akamtandikia kitanda ndani ya mahandaki ya Flandasi. Vijana wa kijiji chetu waliokwenda naye walikuwa kumi na mmoja, wakarudi wanne. Luteni yeye alirudi kapteni. Habbo ndiye aliyemshonea alama mpya za cheo mabegani, na akatuandikia barua nzima kueleza kwamba uzi ulikuwa wa fedha halisi. Habari za mchumba wangu Hinrich, aliyeuawa wiki ileile, hakuziandika hata mstari mmoja.

Vita vilipokwisha, mfalme alikimbilia Uholanzi na sisi tukala mizizi ya kulishia ng'ombe. Habbo hakurudi. Alimfuata bwana wake Silesia, akawa anamfungulia mlango na kumvua koti. Jeshi lilikuwa limepunguzwa, vyeo vikatembea mwendo wa konokono. Kisha wakaja kutawala wale wa mashati ya kahawia na vyeo vikaanza kukimbia. Von Aswege aliwadharau mezani na kuwapigia saluti barabarani. Meja, luteni kanali, kanali: Habbo akafumua na kushona, kufumua na kushona. Alipovaa sare tena mwaka 1939, alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na mitano mwenye brashi mkobani. Ufaransa bwana wake alipata nishani ya shingoni. Urusi akawa meja jenerali.

Huko Urusi vijiji vilichomwa kwa amri yake. Yalijulikana, hata waliojitia hamnazo walijua. Habbo alipokuja likizo nilimwuliza.

"Mimi nilikuwa jikoni, Foelke," akasema.

Kaka yangu alikuwa jikoni vita vizima. Mume wangu Wübbo hakuwa jikoni, na hajarudi. Nikabaki na mwanangu Tjark, ng'ombe sita, na sehemu yetu ya tuta.

Tuta ndilo linalozuia bahari isitumeze. Kila nyumba ina kipande chake cha kulinda, na kengele ya kanisa ikigongwa mara tatu tatu, mwanamume wa kila nyumba hutoka na sepetu, awe harusini au kitandani. Asiyelinda tuta, na ahame: sheria hiyo ni kongwe kuliko wafalme wote. Na anayekufa akiwa njiani kwenda tutani, jina lake huandikwa kanisani. Tjark alilijua hilo kabla ya kujua kusoma.

Aprili 1945 jenerali alitumwa kulinda mto wetu, katika nchi nzima mto wetu! Tjark, miaka kumi na saba, alikuwa ameshawekwa kwenye daraja, mwendo wa saa moja kutoka nyumbani. Ili kuwazuia Wakanada waliokuwa wanatujia, wanajeshi wakafungua malango ya maji na kuzamisha malisho. Usiku upepo ukageuka, bahari ikaja juu, asubuhi kengele ikalia. Kufikia saa sita mchana mwanangu alikuwa amepigwa risasi kwa amri ya jenerali, nyuma ya tanuri la matofali, shingoni kadibodi imeandikwa "Mtoro". Siku nane baadaye jenerali alijisalimisha kwa Wakanada, amevaa glavu.

Nilimwuliza Habbo kama alimwona Tjark. "Nilikuwa nje nawanywesha farasi," akasema. Na mimi, mjinga mimi, nikalia begani kwake.

Miaka mitatu baadaye jenerali akatoka kizuizini Uingereza. Silesia yake ilikuwa imechukuliwa na Wapoland. Habbo akamleta kwenye nyumba ya wazazi wetu, ya tatu kutoka kwangu, akampa chumba cha mbele chenye jiko la moto. Yeye mwenyewe akalala cha nyuma, karibu na mbuzi.

Mwaka jana wazee wa kanisa waliamua kuchonga jiwe la waliokufa vitani. Mume wangu aliandikwa. Mwanangu akakataliwa. Mzee Okko Meints, mwenyekiti wao, aliniambia, "Bi Foelke, tungependa sana. Lakini mtoro hatumwandiki. Wenye watoto wengine watasemaje? Tuletee mtu aliyeona kwamba alikuwa anakwenda tutani, tutamwandika siku hiyohiyo. Lakini orodha inakwenda kwa mchongaji Jumatano."

Nikameza kiburi changu, nikamwalika jenerali chai ya Jumapili. Nilitaka neno lake moja tu, kwamba Tjark alikuwa anakwenda tutani.

Alikuja na fimbo na kaka yangu nyuma yake. Niliweka sukari ya mawe, nikamimina chai, nikatia malai pembeni bila kukoroga. Kwetu vikombe vitatu ni haki ya mgeni, hata mgeni awe shetani. Kikombe cha kwanza alikinywa akisimulia Flandasi. Cha pili, Ufaransa. Alikuwa anaandika kitabu cha maisha yake, akasema, na amefika sura ya kumi na tisa.

"Mwanangu yumo?" nikamwuliza.

"Nani?"

"Tjark. Wa darajani. Ulitia sahihi."

Akakunja uso, kwa kukumbuka tu, haya hakuwa nayo.

"Aa, yule wa sepetu!" akasema. "Mpumbavu kabisa, Bi Foelke, niwie radhi. Aliacha bunduki imeegemea mti, akachukua sepetu ya jeshi. Ananiletea hadithi za kengele na tuta, kwa hiki kilugha chenu. Nani angeelewa? Habbo, wewe si ulikuwepo? Si wewe uliyeipeleka karatasi chini?"

Kijiko cha Habbo kilianguka sakafuni. Kikulacho ki nguoni mwako, wamesema, na mimi miaka saba nilikuwa nakilisha keki.

Nilikiondoa kikombe cha jenerali mbele yake kabla sijammiminia cha tatu. Kwetu ni afadhali umpige mtu kibao.

"Toka."

"Bibi, mimi ni mzee na nilikuwa natekeleza—"

"Toka nje! Nenda kaandike sura ya ishirini!"

Alisimama, akanyoosha koti. "Habbo, tunakwenda."

"Wewe kaa," nikamwambia kaka yangu. "Jumatano utasimama mbele ya wazee useme."

"Dada, mimi ni mtu mdogo..."

"Udogo gani huo? Kwa mwanangu ulikuwa na ukubwa wa kutosha!"

"Ukienda huko, Habbo," akasema jenerali kutoka mlangoni, "usirudi nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?" nikamwuliza. "We mzee, unalala kitanda cha mama yangu!"

Akatoka. Habbo alimfuata, maana barabara ilikuwa na barafu na jenerali angeweza kuteleza. Niliwatazama dirishani, kaka yangu amemshika kiwiko, nikawachukia wote wawili sawasawa.

Jumatano sikutarajia kitu. Wazee sita walikaa sebuleni kwa mchungaji, orodha mezani, Okko ameshafungua kalamu. Habbo akaingia peke yake. Hakukaa.

"Kijana aliletwa na sepetu begani," akasema. "Alisema kengele imelia na sehemu yetu ya tuta inaliwa na maji. Jenerali hakumwelewa. Mahakama haikuwepo. Aliandika hukumu mwenyewe, akanipa karatasi, nikashuka nayo ngazi hadi kwa askari waliokuwa chini."

"Kijana alikutambua?" Okko akauliza.

"Aliniita mjomba."

Mchungaji alifunika macho. Okko, ambaye naye kwenye jiwe lile ana watoto wawili, aliweka kalamu chini.

"Habbo. Mle chumbani wewe tu ndiwe uliyekuwa mtu wa huku. Wewe tu ulijua sepetu ile maana yake nini. Kwa nini hukumwambia?"

Nilidhani atasema aliogopa kuuawa. Ningemwelewa, labda. Alifikiri kwa uaminifu, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni.

"Bwana alikuwa anataka kunyoa," akasema. "Maji yake yalikuwa motoni."

Okko akaishika tena kalamu, akaandika: Tjark, miaka kumi na saba, njiani kwenda tutani. Nikasimama karibu nione herufi zote ziko sawa.

Nje, Habbo alikuwa ananisubiri langoni, kofia mkononi.

"Nimesema, Foelke."

"Umesema. Ile karatasi uliishusha ngazi ngapi?"

"Kumi na nne," akajibu papo hapo.

"Na hukusimama hata moja," nikamwambia, nikaenda zangu kukamua ng'ombe.