Redio Juu ya Mti wa Mama Apolline

Saa moja asubuhi, Kassimu Ramazani amekumbatia mti. Kitanzi cha kamba, kama kile cha wapanda michikichi, kimemzunguka yeye na shina pamoja. Anakirusha juu kidogo, anaegemea nyuma, anapanda. Mgongoni amefunga sanduku la plastiki lenye ukubwa wa tofali na kipande cha sola.

Chini amesimama Mama Apolline, mwenye mti, mikono kiunoni.

"Usiguse ile tawi ya kuume! Ndiyo kwenye viwavi vinapendaga!"

"Siigusi, mama."

"Miye niko nakuangalia!"

Kassimu, mwenye miaka 41, ni motari. Hubeba abiria na mizigo kwa pikipiki kati ya Kasongo na Kabambare. Leo pikipiki imelala. Kazi ya leo ni kurudisha redio iliyokosekana katikati ya njia. Isipoongea kabla ya soko la Jumamosi, wamotari wenzake watashusha redio zote na kuuza betri. Wamemwambia hivyo usoni.

Redio yenyewe haina maajabu. Simu ya mkononi, hata mahali pasipo na mtandao, huipa ujumbe mfupi wa maandishi. Redio huurusha kwa mwenzake wa kilima cha pili, naye kwa wa tatu. Sauti haipiti, picha hazipiti. Hakuna mnara wala kampuni. Mjini Kasongo redio ya mwisho iko dukani kwa Latifa Iliasi, mwenye intaneti ya satelaiti, na kutoka hapo ujumbe hufika Kindu au Bukavu.

Mahali pengi, redio moja ikizimika ujumbe hutafuta njia nyingine. Kwenye kilima hiki hakuna nyingine. Bonde ni refu, msitu ni mzito.

Wamotari walichangia redio hizi kwa sababu ya daraja. Mwaka juzi, wakati wa mvua, Kassimu alimbeba mwanamke mwenye uchungu akakuta daraja limekwenda na maji. Wakageuka. Mtoto alizaliwa kando ya njia, akafa palepale.

"Watu wa ngambo walijua tangu asubui," anasema. "Miye sikujua. Ni ile tu. Sikujua."

Kisha, wakati wa kufunga redio, akaharibu mambo mwenyewe. Alimwomba ruhusa chifu wa kijiji, akakubaliwa, akapigilia misumari ya kukanyagia kwenye mti mrefu kuliko yote. Hakuuliza mti ni wa nani. Hapa viwavi huliwa na kuuzwa, na mti wa viwavi una mwenyewe. Huu Mama Apolline alipewa na mama mkwe wake, na hata chifu haupandi bila kumuuliza.

Msimu wa viwavi ulipofika, mama alikuta misumari. Akamtuma mtu aishushe redio, akaiweka kwenye dari la moshi jikoni, pamoja na mahindi.

Njia ikakatika. Wamotari walimcheka Kassimu kila kituo: "Ndugu, sanduku yako iko inaongea na mahindi?"

Alirudi kuomba, amebeba sukari.

"Sukari nilikula," anasema Mama Apolline bila aibu. "Muti, hapana. Aliniambia sanduku inapeleka habari. Nikamuuliza, habari ya nani? Ya wamotari. Na miye?"

Binti yake Chimène ameolewa Kasongo. Kijijini hakuna mtandao wa simu, na habari za binti humfikia kwa mpita njia, zikifika. Basi mama akaweka masharti yake: hakuna msumari, mtu apande kwa kamba, na nyumbani kwake ibaki simu inayoongea na redio hiyo. Kassimu alimpa simu yake ya zamani.

Sasa yuko juu, amefunga waya wa mwisho. Taa ndogo ya kijani inawaka. Anaandika: "Kassimu iko ku muti."

Anatazama kioo cha simu.

"Basi?" anauliza mama.

"Ngoja, mama."

"Nangoja tangu mwaka jana."

Simu inalia. Ni Ruphin, motari aliye Kabambare: "Tumekupata! Mahindi yanasema nini?" Kabla Kassimu hajamaliza kucheka, inalia tena. Ni Latifa, Kasongo: "Imefika. Yote."

Kassimu anapiga kelele huko juu kama mtu aliyefunga bao. Wanawake wanaotoka shambani wanasimama kutazama.

Mama Apolline hapigi kelele. Anaandika kwa kidole kimoja, polepole: "Chimène, ni mama. Viwavi viko karibu. Kuja na gunia na mutoto."

Latifa anatuma mtu nyumbani kwa binti. Jibu linakuja jua likiwa kali: "Mama! Nakuja. Gunia mbili."

Mama analisoma kwa sauti, kisha analisoma tena kwa wanawake wa shamba.

Kassimu, aliyepanda tena kukaza kamba ya sola, tayari anaonyesha upande wa Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu. Anataka redio zifike huko kabla ya mvua.

"Safari hii nitauliza kwanza muti ni ya nani," anasema. "Sitaki tena mutu afike ku daraja bila kujua."

"Shuka kwanza," anamjibu Mama Apolline. "Na usiguse ile tawi."