Kitambaa cha Harusi Kwenye Mteremko wa Nkanka

Harufu ya sambaza, dagaa wa ziwani kwetu, wabichi waliotandazwa juani, ikichanganyika na ya udongo uliolowa, hunirudisha Nkanka, kwenye masika ambayo mvua iliporomosha mlima na kuifunga barabara ya kwenda Kamembe. Mnara wa simu nao ulizimika. Papa, baba yetu, alikuwa ng'ambo ya maji, kwenye kisiwa ambako yeye na wenzake walikuwa wakitengeneza mitumbwi yao ya uvuvi. Kabla hajaondoka alinifundisha kuutupa mwanga wa jua mpaka kisiwani kwa kioo: kumulika mara tatu, kungoja, kisha kurudia. Akiuona mwanga huo angejua tumepatwa na shida. Nilifanya mazoezi mpaka nikajiona mtu mkubwa.

Asubuhi moja mdogo wangu Ismaili aliamka anaungua kwa homa, na jua lilipotakiwa kuwa juu hakuwa tena akimtambua Maman. Ufukoni hapakuwa na mtumbwi hata mmoja. Espérance, jirani yetu aliyekuwa karibu kuolewa, alikuja kumkanda kwa maji. Mimi nilikimbia na kioo hadi mteremkoni nyuma ya nyumba, lakini mawingu yalikuwa yamefunga kila upande na kioo hakikutoa kitu. Nilirudi nikilia. Maman, aliyekuwa mshonaji, alitazama nje, halafu macho yake yakatua kwenye cherehani, juu ya kitambaa kirefu cheupe cha gauni la harusi ya Espérance, kilichokuwa hakijakatwa bado. Akamgeukia Espérance.

"Chukua, Maman," Espérance alisema. "Batoto kwanza."

Espérance alibaki na Ismaili; mimi na Maman tulikikunjua mteremkoni, katikati ya kijani cha mihogo, kila mmoja akishika ncha yake. Maman aliniambia tutakiinua na kukishusha, na hatutaacha mpaka watuone. Upepo ulikivuta, nikaanguka kwenye matope, nikasimama. Mikono ilikufa ganzi. Nilipomwambia siwezi tena, alinijibu kwa utulivu, "Unaweza. Inua." Niliinua. Hatimaye mtumbwi ulichomoka kisiwani, makasia yakipiga maji kwa pamoja, na Papa akampeleka Ismaili kwa njia ya ziwa mpaka hospitali. Ismaili alirudi amekonda, akidai ugali. Matope hayakutoka kitambaani. Maman alikata akiyakwepa, na Espérance akaolewa akiwa amevaa gauni lililoishia magotini, akacheza kuliko wageni wote.

Sasa naishi Kamembe, na kila mtu nyumbani ana simu yake. Majuzi mtandao ulikatika mchana kutwa, na pale stendi watu wazima walizunguka wameinua simu juu, hawajui la kufanya. Niliwauliza wanangu wangenipataje siku kama hiyo. Binti yangu alisema angenipigia. Jumapili iliyofuata niliwapeleka mlimani, nikamkabidhi kila mmoja filimbi, tukakubaliana milio na mahali pa kukutana. Binti yangu alilalamika kwamba amechoka na watu wanatucheka. Nilimwambia apulize tena.